Udi Haukaushi Ukuta



Masika yamekwisha kushika, na pamoja nayo imerejea harufu tuijuayo sote wakaazi wa mwambao: harufu nzito, ya ubaridi, impokeayo mgeni mlangoni kabla mwenye nyumba hajamwambia karibu. Imo ndani ya kabati la nguo, imo chini ya godoro, imo katika mswala uliokunjwa ungali na maji ya udhu. Wengi wetu huiita uvundo. Wazee wetu walikuwa na maneno yaliyo wazi zaidi: ukuta huota koga, nguo hufanya kawa. Wiki hii tumeazimia kuzungumza juu ya namna ya kuiondoa harufu hiyo, si namna ya kuifunika.

Kabla ya kufika kwenye siki na sabuni, kuna jambo tungependa lisemwe waziwazi, maana katika nyumba zetu husemwa kwa pembeni tu. Uvundo ukisikika, wa kwanza kuangaliwa ni mwanamke. Mavyaa hunusa akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kukali kuliko maneno. Mume huuliza kama shuka zimefuliwa. Wifi hufungua dirisha pasipo kuombwa. Naye yule mwanamke, ambaye huenda ndiye msafi kuliko wote waliomo, hufanya alijualo: hupiga deki asubuhi, akapiga tena jioni, akamwaga maji ya sabuni hadi kwenye pembe za kuta, akafunga madirisha ili vumbi lisiingie, kisha akafukiza udi. Baada ya siku mbili harufu imerudi, tena imezidi. Imezidi kwa sababu kila ndoo aliyoimwaga sakafuni imekuwa kinywaji cha kile anachotaka kukiua.

Asili ya uvundo ni maji. Ukungu ni kiumbe hai, na mbegu zake, ndogo mno zisizoonekana kwa macho, huelea hewani katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, iliyofagiliwa na isiyofagiliwa. Zikitua mahali pakavu hukaa kimya. Zikitua penye maji, zaweza kuanza kuota katika muda wa saa 24 hadi 48 tu, nazo hula karatasi, mbao, pamba, ngozi, gundi, na hata vumbi lililoshika juu ya rangi ya ukuta. Harufu tuisikiayo ni hewa aitoayo kiumbe huyo anapokua. Kwa hivyo pua ikisikia uvundo, haitwambii kwamba nyumba hii ina mtu mvivu. Yatwambia kwamba mahali fulani, pengine tusipopaona, pana maji yasiyokauka.

Wala hili si suala la aibu mbele ya wageni peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kikohozi, maambukizo ya njia ya pumzi, na pumu. Yupo mtoto anayeamka usiku akikohoa, anayepiga chafya kila alfajiri, ambaye kifua chake hutoa mluzi mvua zianzapo na hupata nafuu akipelekwa kwa bibi yake kupumzika. Kabla ya kusema kwamba mtoto huyo amerithi kifua cha babu, vuteni kitanda chake muutazame ukuta ulio nyuma. Kwa daktari apelekwe vilevile. Lakini dawa ya pumu apewayo mchana haitafaa sana ikiwa usiku kucha anavuta hewa ileile.

Hapa ndipo tunapolazimika kusema neno juu ya desturi tuipendayo. Manukato ni katika mambo aliyoyapenda Mtume wetu (S.A.W.), na nyumba ya mwambao isiyo na chetezo ni nyumba iliyopungukiwa. Lakini udi haukaushi ukuta. Moshi wake hukaa juu ya uvundo kama shuka safi iliyotandikwa juu ya godoro lililoloa, na asubuhi unyevu umekwisha kupenya. Zaidi ya hayo, moshi wowote, uwe wa udi, wa ubani au wa makaa, ni chembechembe ziingiazo kifuani, na kwa mwenye pumu chumba chenye ukungu kilichofukizwa ni maradhi juu ya maradhi. Vivyo hivyo marashi ya kupuliza yauzwayo madukani katika mikebe. Rai yetu ni kwamba chetezo kisiingizwe kabisa katika chumba alalamo mwenye pumu. Na kwingineko kingoje hadi maji yapatikane na yakaushwe.

Basi maji yatafutwe wapi? Ukuta wenyewe husema, ukisomwa vizuri. Unyevu uanziao chini na kupanda hadi kiunoni, ukaacha mstari wa manjano na rangi inayobanduka, kwa kawaida hutoka ardhini. Duara la kahawia darini limetoka juu: bati lililotoboka, tangi linalofurika, au bafu la jirani wa ghorofa ya pili. Kiraka cha unyevu kisichokauka hata wakati wa jua kali, tena kilicho karibu na bafu au jiko, ni bomba linalovuja ndani ya ukuta. Na vile vitone vyeusi katika pembe ya chumba, au nyuma ya kabati lililosukumwa hadi likabana, ni mvuke wa hewa uliokosa pa kupita ukatua ukutani na kugeuka maji.

Ikiwa hamna yakini kama maji yatoka ndani ya ukuta ama hewani, chukueni kipande cha nailoni safi cha ukubwa wa daftari, mkibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, mkiache siku mbili. Majimaji yakionekana upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, basi ukuta ndio unaotoa maji na unahitaji fundi. Yakionekana upande wa nje, ni hewa ya chumba iliyojaa mvuke, na dawa yake ni upepo. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kimeokoa fedha za wengi waliokuwa tayari kuupaka rangi ukuta usio na kosa.

Bomba nalo lina mtihani wake. Penye mita, fungeni mifereji yote usiku, msome namba, msome tena alfajiri kabla ya kutawadha. Ikiwa imesogea na hakuna aliyetumia maji, yanakwenda mahali. Lakini sote twajua maji ya mji yajavyo kwa zamu, na nyumba nyingi zaishi kwa tangi na mapipa. Basi tieni alama ya kalamu kwenye tangi lililojaa, na mtazame asubuhi. Mapipa yenyewe, hasa yale yawekwayo ndani karibu na vyumba vya kulala, yafunikwe. Pipa lililo wazi hutoa mvuke usiku na mchana, mbali ya kuzalisha mbu.

Kuna pia ule unga mweupe utokao ukutani, ambao wengi huudhani ukungu. Unyunyizieni maji kidogo: ukiyeyuka ni chumvi, usipoyeyuka huenda ni ukungu. Chumvi haina uhai wala harufu, lakini ni mwaliko wa uvundo, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa vizuri hautakauka daima. Na ndiyo sababu taulo lililofuliwa kwa maji ya kisima cha chumvi hukataa kukauka hata likianikwa mchana kutwa; kama maji matamu ni haba, yawekeni ya suuzo la mwisho.

Juu ya kuta tuna maneno kidogo ya kuzidi, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za familia zetu zinapotea. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Kuta hizo hunywa maji, lakini pia huyatoa: chokaa ina vinyweleo ambavyo unyevu hupitia, ukageuka mvuke, ukachukuliwa na upepo. Kisha ikaja saruji. Siku hizi mwenye nyumba akiona chokaa inapukutika, humwita fundi akapiga lipu ya saruji, akamalizia kwa rangi ya mafuta inayong'aa. Kwa mwaka mmoja ukuta hupendeza, na fundi huombewa dua. Lakini maji yaliyomo hayakuondoka. Yamefungiwa mlango tu, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo hukua chini ya rangi hadi ikaisukuma ikafanya malengelenge. Mwaka wa pili fundi huitwa tena. Kwa nyumba ya matumbawe, dawa ni kuibandua ile saruji, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, si kwa siku, na kurudisha lipu ya chokaa na rangi ya chokaa. Wafundi waijuao kazi hiyo wangalipo, ingawa si wengi.

Nyumba za matofali ya saruji zina hesabu nyingine. Zitazameni kwa nje kwanza. Mara nyingi utakuta mchanga au kifusi kimerundikwa ukutani kupita kimo cha sakafu ya ndani, au maua yamepandwa kuambaa ukuta na hunyweshwa kila jioni, au maji ya paa hayana mfereji na huangukia palepale penye msingi. Kuondoa kifusi na kuchimba kijitaro cha kuyapeleka maji mbali ni kazi ya asubuhi moja. Hushangaza jinsi chumba cha ndani kinavyopona kwa jembe lililotumika nje.

Tuje kwenye hewa, na hewa haiwezi kuzungumzwa pwani pasipo kuzungumza stara. Madirisha yetu yametazamana na ya jirani, wakati mwingine kwa upana wa mikono miwili. Mapazia ni mazito, na hufungwa tangu asubuhi, na hatuwalaumu wafanyao hivyo. Waliotutangulia waliijua haja hii, ndipo wakaweka kiwanda kati ya nyumba, madirisha ya juu, na matundu ya ukutani yapitishayo upepo pasipo kupitisha macho. Katika nyumba za sasa tunaweza kufanya yaliyo karibu na hayo: pazia jepesi la ndani badala ya lile la mahameli, kijalizo cha mbao zenye nafasi katika nusu ya chini ya dirisha huku nusu ya juu ikibaki wazi, na matundu ya juu ya madirisha yasizibwe kwa magazeti kwa kuogopa mbu, yatiwe wavu. Mlango wa chumba na dirisha lililokabiliana nao vifunguliwe pamoja, maana hewa isiyo na pa kutokea haiingii.

Saa nazo ni muhimu. Hewa ya alfajiri na ya usiku wa masika imejaa maji. Kufungua nyumba wakati huo na kuifunga mchana ni kuyakaribisha maji na kuyafungia ndani. Ufunguliwe mwanya mkubwa tangu saa nne asubuhi hadi Alasiri, jua likiwapo. Wataalamu hupendekeza unyevu wa hewa ya ndani usizidi asilimia 60, kiwango ambacho kwetu katika mwezi wa Mei ni taabu kukifikia. Lakini hewa inayotembea hukausha hata ikiwa na unyevu, na feni inayozunguka polepole katika chumba kisicho na mtu si israfu. Mwenye kutaka kipimo cha bure aweke bakuli la chumvi kavu kabatini. Chumvi huanza kuloa unyevu ukikaribia asilimia 75; ikiwa asubuhi bakuli lina maji, kabati hilo halifai kuwekwa nguo za Idi.

Kabati lenyewe livutwe mbali na ukuta kwa shubiri moja, hasa ukuta wa nje, na lisijazwe hadi nguo zikabanana. Godoro lisilazwe juu ya sakafu. Vitanda vya kamba vya zamani, ambavyo vijana huvicheka, vilikuwa vikilipitishia godoro hewa kutoka chini usiku kucha. Na zulia lililogundishwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, kwa maoni yetu, halina mahali katika nyumba ya pwani. Mkeka na busati huinuliwa, hukung'utwa na kuanikwa.

Maji yakishapatikana na kuzuiwa, hapo ndipo kuosha kuna maana. Madirisha yafunguliwe, watoto na wenye pumu watoke, mwoshaji afunge pua na mdomo na avae glavu. Ukungu usifagiliwe ukiwa mkavu, maana hutawanyika nyumba nzima, ulowesheni kwanza. Vigae, kioo na mbao zilizopakwa rangi husafishwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni, na kukaushwa papo hapo kwa kitambaa. Siki nyeupe isiyochanganywa na maji, ikipakwa na kuachwa kwa saa moja kabla ya kupanguswa, huua aina nyingi za ukungu, lakini isipakwe kwenye lipu ya chokaa wala marmar, kwa kuwa siki huila chokaa. Jiki hung'arisha vigae, ama kwenye ukuta unyonyao maji huupausha ukungu kwa juu tu, na mizizi ikabaki. Na hili tunaomba kila msichana anayejifunza kazi za nyumba alihifadhi: jiki haichanganywi na siki, wala na dawa kali ya kuoshea choo, wala na kitu chenye amonia. Hutoka hewa ya sumu iwezayo kuunguza mapafu, na bafu dogo lililofungwa ndipo mahali pabaya zaidi pa kuivuta.

Nguo zilizofanya kawa zitolewe nje kwanza na kupigwa brashi huko huko, kisha zifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, na nusu kikombe cha siki katika suuzo. Kanzu nyeupe na kofia hutibiwa kwa njia ya bibi zetu: ndimu na chumvi juu ya doa, na jua kali la mchana, doa la siku chache hutoka, la mwaka mzima pengine hufifia tu. Buibui jeusi halitaki jua hilo. Ligeuzwe ndani nje, lianikwe kivulini penye upepo. La muhimu kuliko yote ni kwamba nguo isikunjwe ikiwa na ubaridi wowote, na iliyopigwa pasi ingojwe ipoe kabla ya kuingia kabatini, kwani joto lake lina mvuke. Vipande vya makaa makavu katika kikapu kidogo huvuta harufu. Baada ya wiki kadhaa vianikwe juani na kurudishwa. Hapo ndipo mkadi na vikuba vya asumini hupata heshima yao, katikati ya nguo kavu. Na nguo kavu hiyo ikitandazwa juu ya chetezo, udi huingia na kukaa kwa siku nyingi, jambo ambalo kila aliyejaribu kufukiza nguo yenye unyevu anajua halitokei.

Viko vile vidonge vyeupe vya nafthalini, ambavyo wengine huviita kafuri, navyo hurushwa kabatini kana kwamba ni dawa ya kila harufu. Nafthalini hufukuza nondo. Ukungu haiukaushii maji. Hatari yake iko kwa watoto wachanga. Wapo watu, na katika nchi zenye malaria kama pwani yetu si wachache, ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na nafthalini huwapasua chembe nyekundu za damu. Nguo na mablanketi ya mtoto yaliyohifadhiwa na vidonge hivyo, akavishwa bila ya kufuliwa na kupigwa upepo, yameleta manjano kali kwa wachanga katika nchi mbalimbali. Mwenye kungoja mtoto asiviweke karibu kabisa na nguo za arubaini.

Ghalani nako pua isikilizwe, na hapa hatuna huruma. Unga wa mahindi, karanga au nazi kavu inayotoa uvundo isioshwe, isianikwe, isichanganywe na nzuri, wala kuku wasipewe. Sumu ya aflatoksini, itokayo katika aina za ukungu ziotazo kwenye nafaka, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoota ukungu, na 125 wakafariki. Tena nafaka yaweza kuwa na sumu hiyo bila ya kunuka, basi ile inayonuka imekwisha kutuonya.

Misahafu tumeiacha karibu na mwisho kwa sababu inataka utulivu. Nyumba nyingi zina Msahafu wa marehemu babu juu ya rafu iliyogusa ukuta wa nje, na kurasa zake zina madoa ya kahawia. Usipanguswe kwa maji wala siki, usianikwe juani. Uwekwe umesimama, kurasa zikiachana, kivulini mbele ya upepo hadi ukauke kabisa. Kisha, nje ya nyumba, ukungu mkavu uondolewe ukurasa kwa ukurasa kwa brashi laini. Karatasi nyeupe kavu zikiwekwa kati ya kurasa na kubadilishwa hunyonya unyevu uliobaki. Rafu ihamishiwe ukuta wa ndani. Huko Lamu, hati za kale za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za kidijitali ili maandishi yasipotee hata karatasi ikilemewa na hewa ya bahari na wadudu. Familia yenye hati za mkono za wazee yaweza kufanya hivyo kwa simu tu, leo hii. Ama Msahafu uliooza usisomeke tena, imamu wa msikiti wenu aulizwe juu ya kuustiri, wala usitupwe.

Neno letu la mwisho ni kwa waume na akina baba, ambao tunajua huisoma safu hii kwa kuchungulia. Mwanamke hawezi kuziba bomba lililo ndani ya ukuta kwa kitambaa cha deki. Akiwaambia kuna unyevu nyuma ya kabati, saidieni kulivuta, mtazame wenyewe, na fedha ya fundi itengwe kabla ya fedha ya rangi. Wakaao katika nyumba za kupanga wampelekee mwenye nyumba habari kwa maandishi, pamoja na picha na tarehe, wakaweka nakala; Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imemtambulia kila mtu haki ya makaazi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi, na mwenye nyumba Mwislamu ana hisabu nyingine zaidi ya hiyo. Na ikiwa maji yatoka bafuni kwa jirani, aendewe kwa wema, baada ya Isha, na mtu mmoja mzima wa kusikilizwa, kabla ya maneno kufika barazani. Mara nyingi naye anavuja bila ya kujua, na mkewe anafukiza udi kila jioni.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya magodoro ya sufi: namna ya kuyachambua, kuyaanika na kuyashona upya wakati wa kaskazi.